Diablo II, III au IV: ununue ipi ukiwa Nairobi?

Mashabiki wa Diablo hawajawahi kukubaliana. Mwaka 2008, Blizzard, kampuni inayotengeneza gemu hizi, walipoonyesha Diablo III kwa mara ya kwanza, watu walikusanya sahihi kulalamika kwamba rangi zimekolea mno na kwamba gemu ya mashetani haina haja ya upinde wa mvua. Ilipotoka Mei 2012 ugomvi ukazidi. Juni 2023 ikaja Diablo IV: giza limerudi, matope yamerudi, damu imetapakaa mpaka makanisani, yaani yote waliyoyalilia wale wa sahihi, na bado watu wakagawanyika. Kuna wanaoapa kwamba haijawahi kutoka Diablo nzuri kama hii. Kuna wanaosema hilo ni duka tu, limevishwa nguo za gemu.

Katikati yao yuko mtu wa Nairobi mwenye PS4 au laptopu yake, ameweka akiba ya gemu moja, na kila anakouliza anajibiwa kwa hasira. Namwandikia huyo.

Kwa asiyeijua kabisa: Diablo unaitazama kutoka juu. Unachagua shujaa, unashuka mapangoni, unaua mashetani, wanaangusha silaha na mavazi, unavaa yaliyo bora, unapata nguvu, unashuka tena chini zaidi. Ulimwengu wake unaitwa Sanctuary, na wanadamu humo wamebanwa kati ya malaika na mashetani, wala hakuna upande unaowatakia mema. Ya kwanza iliingia madukani mwaka 1996 ukiisha na 1997 ukianza. Jina lilitokana na Mlima Diablo ulioko California, karibu na alikokuwa akiishi David Brevik, mmoja wa waliobuni gemu hiyo.

Hapa nalinganisha tatu ambazo bado zina wachezaji wengi. Diablo II: Resurrected ilitoka Septemba 2021, ni ile Diablo II ya mwaka 2000 iliyochorwa upya. Diablo III naihesabu pamoja na nyongeza yake ya 2014, Reaper of Souls, maana bila hiyo si gemu ileile. Na Diablo IV, ambayo Oktoba 2024 iliongezewa Vessel of Hatred.

Vigezo

Wanaogombana kuhusu gemu hizi huanza na nyara, yaani silaha na mavazi yanayoangushwa na mashetani, au hadithi, au kumbukumbu za ujana wao. Mimi naanza na stima na mtandao, kwa sababu gemu isiyofunguka haina ubishi wa kuibishia. Baada ya hapo ndiyo zije nyara, kisha mapigano na ugumu, hadithi na sura, kucheza na wenzako, na mwisho pesa. Vigezo hivi havina uzito sawa, na nitavishughulikia hivyo.

Stima na mtandao

Diablo IV haichezeki bila intaneti. Hata ukiwa peke yako, hata ukiwa kwenye PlayStation, hata kama hutaki kumwona binadamu mwingine humo ndani. Mashujaa wako wanatunzwa kwenye seva za Blizzard, na seva hizo ziko ng'ambo. Laini ikikatika, unatolewa. Kwa aliye na faiba isiyotetereka hili ni dogo. Kwa aliye kwenye ploti ambako stima ikipotea waifai ya jengo zima inazima, ndilo swali la kwanza. Wengi siku hizi wananunua UPS ndogo ya kuwashia ruta, na inasaidia, mpaka siku vifaa vya mtoa huduma vya mtaani navyo vikose stima. Hapo ruta inawaka taa zake zote na hakuna kinachopita.

Tena si stima peke yake. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kusuasua. Siku mbili baadaye Diablo IV ikafungua msimu wake wa nne (msimu ni kipindi cha takriban miezi mitatu ambacho watu huanza na shujaa mpya), ule uliowarudisha wengi waliokuwa wameitupa. Mwenye haraka ya kuuonja akiwa Kenya alibidi awe na subira pia.

Hatari zaidi ni kwa wapendao mashujaa wa kufa mara moja, wale ambao wakiuawa hawarudi tena. Shetani hasubiri mtandao urudi. Diablo IV ina hati ya kutorokea inayojitumia yenyewe ukikatika, lakini ni lazima uwe umeipata na kuibeba. Kama stima ya kwenu ina mazoea ya kupotea, usianze na mashujaa wa namna hiyo.

Diablo III ina sura mbili. Kwenye kompyuta ina ugonjwa uleule wa kutaka intaneti muda wote, na usiku ilipotoka seva zililemewa hivi kwamba ujumbe wa "Error 37" ukageuka kichekesho cha dunia nzima. Lakini kwenye konsoli, yaani PS4, Xbox One na Switch, unaicheza bila mtandao wowote. Unaweka diski, unacheza, basi. Nashangaa jambo hili halitajwi sana, pengine kwa sababu wanaoandika zaidi kuhusu gemu hizi wako kwenye kompyuta.

Diablo II: Resurrected inachezeka bila mtandao kwenye kompyuta na kwenye konsoli. Unahitaji intaneti mwanzoni ili kuthibitisha akaunti, na kwenye kompyuta itakudai uithibitishe tena mara kwa mara, kwa hiyo usihamie nayo kijijini ukadhani utamaliza mwaka mzima. Angalizo moja: shujaa uliyemwanzisha nje ya mtandao atabaki nje ya mtandao. Ukitaka baadaye kujiunga na wenzako, unaanza mwingine.

Nyara

Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, na hapa nitakaa kidogo.

Mkenya anaweza kuzielewa gemu hizi tatu kwa kufikiria Gikomba. Diablo II ni kuinamia marobota mwenyewe. Unachambua, unatupa, unachambua tena, na kati ya matambara mengi siku moja unaibuka na kamera, nguo ya daraja la kwanza ambayo hakuna mwingine mtaani anayo. Diablo III ni muuzaji anayekujua: amekuwekea kando saizi yako, karibu kila kitu anachokuonyesha kinakutosha. Diablo IV ya leo ni kununua kitu kizuri kiasi, kisha kukipeleka kwa fundi akipunguze hapa, akiongeze pale, na mara nyingine fundi anakiharibu.

Sasa kwa undani. Katika Diablo II kitu cha thamani ni nadra kwelikweli. Kuna mawe yenye herufi yanayoitwa runi, na ukiyapachika kwa mpangilio sahihi kwenye silaha au vazi lenye matundu unapata kitu kipya kabisa. Jah, Ith na Ber kwa mpangilio huo, ndani ya vazi la kifuani, hutoa Enigma, ambalo humpa shujaa yeyote uwezo wa kuruka papo hapo kutoka sehemu moja hadi nyingine, uwezo ambao ungekuwa wa shujaa mchawi, Sorceress, pekee. Jah na Ber unaweza kuzitafuta kwa muda mrefu sana usizione. Wanaoipenda wanasema ndiyo maana zikianguka moyo unaruka. Wasioipenda wanasema wana kazi asubuhi. Wote wana haki. Tena begi lako ni dogo, na hirizi zinazokupa nguvu zinakula nafasi ileile ya begi, kwa hiyo nusu ya gemu ni kupanga vitu.

Diablo III ilianza vibaya hapa. Ilikuja na mnada ambamo wachezaji waliuziana vitu kwa pesa halisi, na mara watu wakagundua kuwa kununua ni rahisi kuliko kuua mashetani. Blizzard waliufunga mnada huo Machi 18, 2014, na wiki moja baadaye Reaper of Souls ikaja, ikikuta sasisho la Februari limeshapanga nyara upya ili zilenge shujaa unayemtumia. Tangu hapo ukianza msimu unavaa seti kamili mapema tu, kisha kinachobaki ni kuongeza namba. Hukumu yangu: furaha yake inakuja haraka na kuisha haraka, na kwa mtu mwenye jioni chache hilo si kosa.

Diablo IV imebadilika mara nyingi kiasi kwamba maoni ya mtu yanategemea aliicheza lini. Ilipotoka, vitu vilikuwa na sifa nyingi za masharti mengi: unaongeza uharibifu dhidi ya adui aliye karibu, au aliyepooza, au aliye mbali. Kusoma begi ilikuwa kazi ya uhasibu. Julai 2023, kabla tu ya msimu wa kwanza, likaja sasisho lililopunguza nguvu za karibu kila shujaa, na hasira zikawa kubwa hivi kwamba waundaji walijitokeza hadharani na kuahidi kwamba sasisho la namna ile halitarudiwa. Mei 2024, msimu wa nne ukafumua mfumo mzima: sifa chache, zinazoeleweka, na wewe mwenyewe unaongeza nyingine kwa fundi. Vessel of Hatred ikarudisha runi, ingawa zinafanya kazi tofauti na za zamani. Kwa hiyo ukimsikia mtu akiitukana Diablo IV, muulize kwanza aliiacha lini. Huenda anaitukana gemu ambayo haipo tena.

Mapigano na ugumu

Diablo II inakuchosha kwa makusudi. Shujaa ana pumzi. Akikimbia sana anaishiwa. Ukifa, vifaa vyako vinabaki kwenye maiti yako na lazima uirudie ukiwa huna kitu mkononi. Ngazi za ugumu ni tatu, na ya tatu, Hell, ina mashetani wasioguswa kabisa na moto, au barafu, au radi. Mchawi wako wa moto aliyetamba njia nzima anafika pale na kugundua hana la kufanya. Kujirekebisha kunawezekana lakini kwa uchache: nafasi moja ya bure ya kupanga ujuzi upya kwa kila ngazi ya ugumu, na baada ya hapo utafute vitu adimu ili upate nyingine. Hapa wengi husoma mwongozo kabla ya kuanza. Mimi nasema ukosee kwanza. Normal, ngazi ya kwanza, inavumilia makosa.

Diablo III ndiyo yenye mkono mwepesi kuliko zote. Unabadilisha ujuzi wakati wowote bila malipo, mashetani wanalipuka makundi kwa makundi, na kwenye padi inakaa vizuri ajabu, kuna hata mruko wa kukwepa kwa kijiti cha kulia. Ugumu unauchagua mwenyewe, hadi Torment XVI ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa, kwa hiyo haikulazimishi kuteseka. Lawama yake ni hiyohiyo: kama chaguo lolote linafutika, hakuna linalouma.

Diablo IV iko katikati. Mti wa ujuzi umerudi, unaweza kuupanga upya kwa dhahabu ya ndani ya gemu, na kukwepa kumekuwa sehemu ya kila pigano, hasa kwa mabosi. Kinachowagawa watu ni mashetani kukua pamoja nawe. Unaporudi kwenye kijiji ulichoanzia, mbwamwitu wa pale wamepata nguvu kama wewe. Wengine wanaona hivyo dunia nzima inabaki na maana, popote uendapo kuna la kupigana nalo. Wengine wanauliza: kama mbwamwitu wa kwanza bado ananisumbua, nimekua wapi? Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba mabadiliko yaliyokuja na Vessel of Hatred, yaliyotenganisha ngazi za ugumu waziwazi zaidi, yamepunguza makali ya lalamiko hilo.

Hadithi na sura

Kama unanunua kwa ajili ya hadithi, nenda IV. Lilith, binti wa Mephisto, mmoja wa mashetani wakuu, anarudi Sanctuary aliyoiumba pamoja na malaika Inarius, na gemu inakuacha muda mrefu bila uhakika kama unamfukuza adui au mtu mwenye hoja. Inaheshimu akili ya mtazamaji. Dunia yake ni moja, wazi, maeneo matano, bila kuhesabu nyongeza, unayopita kwa farasi bila kukatizwa, na mvua ya Scosglen, mojawapo ya hayo, ni ya kusimama kuitazama.

Diablo III ina wasiopenda hadithi yake, nami ni mmoja wao. Adui mkuu anakutokea kila baada ya muda kukueleza mpango wake, kisha unauvuruga, kisha anaeleza mwingine. Rangi zake lakini zimezeeka vizuri kuliko walivyotabiri wale wa sahihi za 2008.

Diablo II haisemi sana. Inakupa video chache za msafiri aliyefuata nyayo za mtu mwenye joho, na muziki wa Matt Uelmen, na inakuacha ujaze mengine. Katika Resurrected, kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha G na picha mpya zinabadilika kuwa za mwaka 2000 palepale. Kila nikimwonyesha mtu hilo anacheka, kisha anakaa kimya akiangalia tuliyoyaona mazuri enzi zile.

Kucheza na wenzako

Nairobi watu hucheza gemu wakiwa wamekaa pamoja. Vibanda vya PS mtaani vimejengwa juu ya mazoea hayo: padi mbili, televisheni moja, na foleni nyuma yako, ingawa ukweli ni kwamba humo mpira ndio unaotawala na ukiomba Diablo utaangaliwa kama mgeni. Lakini nyumbani mambo ni tofauti, na hapa Diablo III ya konsoli haina mshindani kati ya hizi tatu. Watu wanne, padi nne, skrini moja, bila intaneti. Mdogo wako asiyejua lolote anaweza kuokota padi na kuanza kuua. Usumbufu wake ni kwamba mmoja akifungua begi kupanga vitu wote mnasubiri, kwa hiyo mkubaliane mapema nani ana tabia hiyo.

Diablo IV inaruhusu wawili kwenye skrini moja, kwa konsoli tu, na kila mmoja awe na akaunti yake ya Battle.net, huduma ya mtandaoni ya Blizzard, na intaneti iwe hai. Nguvu yake iko kwingine: marafiki walio kwenye PlayStation, Xbox na kompyuta wanaweza kucheza pamoja. Kama mmoja yuko Rongai na mwingine amehamia Ujerumani, hiyo ndiyo gemu yenu. Kumbuka tu kwamba kwenye PlayStation kucheza na watu mtandaoni kunahitaji usajili wa kulipia wa Sony.

Resurrected haina skrini ya pamoja hata kidogo. Mtandaoni mnaweza kuwa hadi wanane, na biashara ya kubadilishana runi na vitu ni dunia nzima yenye bei zake. Ukiwa peke yako nje ya mtandao unaweza kuiambia gemu ijifanye kuna wachezaji wanane. Mashetani wanakuwa wagumu na uzoefu unaoupata unapanda. Wapweke wengi hawaijui hila hiyo.

Pesa na nafasi

Diablo IV ilianza kuuzwa dola 70, ambazo kwa takriban shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya 9,000. Vessel of Hatred ilikuja kwa dola 40 nyingine, kama shilingi 5,200. Resurrected ilianza na dola 40. Zote hupunguzwa bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, wakati mwingine kwa nusu na zaidi, kwa hiyo kununua bei kamili leo ni kukosa subira tu. Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inalipia maduka hayo kama kadi nyingine ya Visa.

Ndani ya Diablo IV kuna duka la mavazi na farasi, na pasi ya msimu ya kulipia. Vitu hivyo ni vya urembo; havikupi nguvu ya kupigana. Hata hivyo naelewa anayekereka: umeshalipa elfu tisa, kisha vazi zuri kuliko yote uliyowahi kuokota linaning'inia dukani. Ukijijua kuwa unashawishika, liweke hilo kwenye hesabu.

Diski za mtumba za Diablo III na IV za PS4 utazipata ukizunguka katikati ya jiji, Luthuli, Moi Avenue na zile eksibisheni za ghorofani. Kwa Diablo III, soma jalada: Ultimate Evil Edition ni ya 2014, haina Necromancer, shujaa aliyekuja 2017. Eternal Collection ndiyo iliyokusanya vyote. Kwa Diablo IV diski haikuokoi na intaneti, na masasisho utakayoshusha ni makubwa.

Nafasi: kwenye kompyuta Diablo IV inataka takriban GB 90, na inataka SSD. Resurrected ni kama 30, Diablo III pungufu kidogo ya hapo. Kwa anayeshusha kwa bando la simu, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi ukilinganisha na kutazama video. Ni kushusha na masasisho kunakomaliza.

Ya simu je?

Utaulizwa tu, kwa hiyo niseme. Diablo Immortal, iliyotoka Juni 2022, ni ya bure, inacheza kwenye simu, na mapigano yake ni mazuri kuliko sifa zake. Ilipotangazwa 2018 mashabiki waliokuwa ukumbini waliizomea. Lakini kule mwishoni nguvu inauzwa, kupitia vito unavyobahatisha kwa pesa, na ndiyo maana haikutolewa Ubelgiji na Uholanzi ambako sheria za vitu vya kubahatisha ni kali. Ichukue kama kionjo. Ukijikuta unafungua M-Pesa kwa ajili yake, ifute.

Wewe uko wapi?

Kama stima na mtandao wa kwenu haviaminiki na una konsoli, chaguo ni kati ya II na III, na IV iache mpaka hali ibadilike. Ukiwa na ndugu au marafiki wanaokuja nyumbani, III. Ukiwa peke yako, mvumilivu, na unapenda kusoma na kupanga, II.

Kama una laptopu ya zamani isiyo na nafasi, Resurrected itaminyana lakini pengine itaingia, ikiwa kadi yake ya picha si dhaifu sana. III ni nyepesi zaidi, ila kwenye kompyuta inadai intaneti. Usijaribu IV kwenye diski ya zamani inayozunguka. Itafunguka, lakini utakuwa unaona milango ikichelewa kutokea.

Mwenye faiba nzuri, kazi ya kutwa, na saa moja au mbili za usiku, hasa akiwa hajawahi kucheza Diablo yoyote, anaweza kuanza na IV bila hofu. Acheze hadithi hadi mwisho kwanza. Misimu, ambayo huja takriban kila miezi mitatu na kukutaka uanze shujaa mpya, aiache mpaka aone kama bado ana hamu. Pasi ya kulipia asiiguse msimu wa kwanza.

Aliyeikulia II na anayeuliza kama IV ni yake: inategemea alichokipenda kule. Kama ni giza, makaburi na mvua, yamo, tena kwa wingi. Kama ni kuwinda runi moja kwa miezi na kuibadilisha na mtu asiyemjua, hatakipata, na afadhali abaki na Resurrected, ambayo tangu 2022 imekuwa ikipata masasisho na misimu yake. Kuna pia Path of Exile 2 ya Grinding Gear Games wa New Zealand, iliyofunguliwa kwa majaribio ya kulipia Desemba 2024 na iliyotengenezwa na watu wanaoiabudu Diablo II waziwazi. Ila nayo haiendi bila intaneti.

Na kwa yule aliyeiacha IV Julai 2023 kwa hasira, akaunti yake bado ipo na shujaa wake bado yupo pale alipomwacha. Kurudi hakumgharimu chochote zaidi ya kushusha masasisho. Asubiri mwanzo wa msimu mpya, siku ambayo kila mtu anaanza sifuri, na asinunue Vessel of Hatred kabla ya kucheza wikendi moja na alichonacho.